Vyumba vya Juu Huko Leyton

Rissne, 21 Machi 2010

Kaka Vedasto,

Shikamoo. Barua hii naituma kwa kinyozi wako, kama ulivyoniagiza, maana unasema barua zinapotea mtaani kwenu. Simu yako nayo haipatikani tangu mwezi uliopita, na ya wifi Brigitha inaita tu. Kama mmebadilisha namba, nitumie.

Barua yako ya mwisho ilisomwa Akalla. Unajua Jumapili baada ya misa tunakwenda kwa Baudouin na Pélagie, wale Wakongo wa Bukavu. Pélagie anapakua sombe, yaani kisamvu chao, Thomas wangu anasoma barua yako kwa sauti, halafu wanaume wanaanza kubishana juu ya uchaguzi wa Uingereza kana kwamba wao ndio wapiga kura. Thomas anakitetea chama cha Leba kwa sababu tu mwalimu aliyempenda sekondari alikuwa Mwingereza wa Leba. Baudouin hatetei chama. Anauliza jambo moja kila mara: nyumba huko zinapatikanaje?

Nikueleze kwa nini anauliza. Kwao alifundisha Kifaransa na historia. Hapa anasafisha mabehewa ya treni, na vyeti vyake vimekataliwa mara mbili. Amesikia shule za London zinatafuta walimu wa Kifaransa. Uraia wa Sweden anao, hahitaji viza. Kinachomshika ni ile nyumba ya Akalla. Ana mkataba wa mkono wa kwanza, yaani ni mpangaji wa halali wa jiji, hakuna wa kumtoa maadamu analipa. Aliingojea kwenye foleni tangu Shalom, binti yake mkubwa, akiwa mchanga. Sasa Shalom anamzidi mama yake kimo. Sisi tunaopanga mkono wa pili tunajua thamani yake. Nyumba yetu hii ya Rissne ni ya Mswidi aliyekwenda kufanya kazi Norway. Akisema anarudi, tunafungasha.

Pélagie hataki kusikia habari ya kuhama. Juzi alimwambia mumewe mbele yetu, "Ukiachia hii nyumba, utakuwa umeniachia na mimi." Baudouin akacheka. Mimi sikucheka.

Basi mwandikie ukweli, kaka. Anakuamini kuliko anavyoamini magazeti.

Mdogo wako,
Adelina


London, 9 Aprili 2010

Mdogo wangu Adelina,

Marahaba. Namba ya simu nitakutumia nikipata laini isiyoninyonya. Brigitha na watoto hawajambo.

Mwambie Thomas kwamba mwaka huu shemeji yake hasemi tu, anatembea. Kila Jumamosi niko na kundi la mgombea wetu, tunagonga milango mtaa kwa mtaa. Sisi Watanzania, kwa kuwa nchi yetu imo katika Jumuiya ya Madola, tunapiga kura ya bunge hapa bila hata kuwa raia. Jana mama mmoja mzee wa Kiingereza alinifungulia akiwa na kikombe cha chai, akaniambia, "Kijana, vyama vyote vimeniahidi nyumba tangu nikiwa mchumba." Nikamwambia, "Mama, basi mara hii wape sababu ya kukumbuka." Akacheka, akachukua karatasi.

Kwa kinyozi hakukaliki. Mjamaika anasema bei za nyumba zimepandishwa na mabenki. Mnigeria anasema ni wageni, na yeye mwenyewe mgeni. Mimi nawaambia tatizo ni kwamba nchi iliacha kujenga nyumba za halmashauri na kuuza zile zilizokuwapo. Atakayejenga ndiye atakayetawala. Kinyozi anasema, "Mwalimu amesema."

Sasa swali la Baudouin. Hapa hakuna foleni ya miaka. Unaingia kwa dalali Jumatatu, ukiwa na kazi mwisho wa wiki unapewa ufunguo. Mshahara usipotosha, serikali inakuongezea posho ya nyumba. Na wakati anatafuta, nyumba yangu ya Leyton unaijua kwa picha. Vyumba vya juu viko wazi. Bustani nyuma ina mti wa tufaha, watoto watacheza. Aje. Mtu aliyesoma hawezi kumaliza umri wake akifuta viti vya treni.

Kaka yako,
Vedasto


Rissne, 16 Mei 2010

Kaka,

Shikamoo. Tulikesha na televisheni ya Baudouin, na asubuhi hakuna aliyeshinda. Thomas alishindwa kuwaeleza watu imekuwaje nchi imepiga kura na haina waziri mkuu. Sasa vyama vingine viwili vimeungana, na Leba wametoka. Pole. Najua ulivyotembea.

Uliposema vyumba vya juu viko wazi, Baudouin alimwomba Thomas arudie hapo. Akarudia. Pélagie akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeoshwa tayari.

Nilimfuata. Akaniuliza, "Mke wa kaka yako anasema nini? Kwa sababu mwanaume anaweza kukaribisha watu, lakini ni mwanamke anayewapikia." Katika barua zako tatu za mwisho Brigitha hakuniletea hata salamu kwa maneno yake. Zamani aliandika pembeni, kwa ule mwandiko wake mdogo. Mwambie aniandikie mstari mmoja.

Adelina


London, 4 Julai 2010

Mdogo wangu,

Marahaba. Brigitha anakusalimu sana. Kazi zimembana, na watoto wana mitihani.

Umesikia bajeti mpya. Wataweka kikomo kwenye posho ya nyumba, na magazeti yanapiga kelele kwamba familia zitasombwa kutoka katikati ya London. Usiwatishe watu Akalla. Kikomo hicho kinawalenga wanaopanga Westminster na Kensington, kwenye nyumba za matajiri. Huku mashariki kwetu hakitatugusa. Tena serikali ya wawili haidumu, nawapa mwaka mmoja, tutarudi kwenye kura, na safari hii mgombea wetu atapita. Nimekaa naye, tumekunywa chai. Aliniuliza maoni yangu juu ya wenye nyumba wanaowatoa watu ili wapandishe kodi. Nilimweleza kwa kirefu. Aliandika.

Kuhusu Baudouin, nasema kama nilivyosema. Aje kabla mwaka haujaisha, sheria zitakapoanza kubana awe tayari yumo ndani.

Vedasto


Rissne, 29 Agosti 2010

Kaka Vedasto,

Shikamoo. Isome barua hii ukiwa peke yako, si kwa kinyozi.

Baudouin ameandika notisi. Nyumba ya Akalla inarudi kwa jiji mwisho wa Novemba. Thomas alipoambiwa alisimama, akasema, "Ndugu yangu, nenda wewe kwanza. Ona kwa macho. Mke na watoto wabaki humu."

Baudouin akasema, "Nikienda peke yangu nitarudi. Najijua. Mtu mwenye nyumba nyuma yake hapigani."

"Hiyo si vita."

"Kwako si vita. Wewe hukuwahi kusimama mbele ya darasa. Mimi watoto wangu wananiona narudi na harufu ya sabuni ya choo, na nikiwasaidia kazi ya shule wananijibu kwa Kiswidi kwamba sijui. Mwanangu Akili ananiambia *du fattar inte*, baba, huelewi. Mimi."

Tukaondoka hatujala.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya nyumba kuuliza kama sisi tungeweza kuichukua ile nyumba, maana ni jambo la kusikitisha kuiona ikipotea. Hapana. Inakwenda kwa aliye mbele kwenye foleni, na sisi hatujafika hata katikati. Yule dada wa ofisini aliniuliza, "Rafiki yako ana hakika?" Nikamwambia ana ndugu London.

Huyo ndugu ni wewe. Kwa hiyo nakuuliza kama mtoto wa mama yako: kuna neno lolote katika zile barua ulilolitia sukari? Kama lipo, sema sasa. Bado anaweza kuifuta notisi, wamemwambia hivyo, lakini si kwa muda mrefu. Hutahitaji kueleza. Niandikie tu, "Asije," nami nitapanda treni nikamwambie siku hiyohiyo.

Adelina


London, 20 Septemba 2010

Mdogo wangu Adelina,

Marahaba. Nimeona matokeo yenu ya jana. Mrengo wa kulia umebaki madarakani, na wale wasiotaka wageni wameingia bungeni. Baudouin anaondoka wakati mzuri.

Mwambie alete viatu vya mvua, si vya theluji. Nitawapokea mwenyewe kituo cha mabasi cha Victoria. Anitumie siku na saa.

Mlango uko wazi.

Vedasto


London, 12 Desemba 2010

Dada Adelina,

Jambo. Ni mimi mama Shalom. Baudouin hawezi kuandika. Si mgonjwa, anakaa tu.

Tulishuka ndege, tukapanda basi mpaka Victoria. Kaka yako hakuwa pale. Tulingoja mpaka batoto wakalia njaa. Baudouin akasema, pengine kazi imemshika, twende kwake, adresse tuko nayo. Tukaenda Leyton na mizigo yote. Mlango akafungua mama mmoja wa Bangladesh. Akaangalia mabegi, akaita bwana yake. Yule bwana alikuwa mtu mzuri, alituletea maji. Alisema wao wameingia mwezi wa tatu. Watu wa mbele yao walitolewa na mwenye nyumba mwezi wa pili, ili apandishe bei.

Dada, mwezi wa pili. Ile barua ya vyumba vya juu ilisomwa jikoni kwangu mwezi wa nne.

Kaka yako tulimukuta kwa kinyozi, kwa ile adresse unayomuandikia. Alikuwa anabishana na watu juu ya serikali, mgongo kwa mlango. Kinyozi ndiye alituona. Vedasto akageuka, akaja, akanishika mkono, akasema, "Mama Shalom, karibu London." Nikamuuliza, "Brigitha iko wapi?" Akasema yuko Leicester kwa dada yake, na batoto, tangu walipotolewa. Nikamuuliza, "Na vyumba vya juu?" Akainama, akachukua begi langu. Baudouin hakuuliza kitu. Alikuwa anaangalia nywele chini, zile zilizokatwa.

Kaka yako ni mlinzi, anaishi chumba kimoja na walinzi wengine watatu, wanapokezana vitanda. Kitanda chake alitupa siku za kwanza, yeye akalala kwa kiti kazini. Hilo nalisema sababu ni kweli. Lakini njia yote, na begi langu kichwani pake, alikuwa anamueleza Baudouin juu ya posho, na bunge, na uchaguzi unaokuja. Baudouin anaitika ndiyo, ndiyo. Mimi nilitamani wanyamaze wote wawili.

Sasa tuko chumba kimoja juu ya duka la kuku za kukaanga. Madalali wanataka mdhamini mwenye nyumba yake. Ofisi inasema Baudouin hajafanya kazi hapa, hana haki ya posho bado. Shule zinataka cheti cha huku. Shalom hajapata nafasi ya kusoma, ananishughulikia mdogo wake Victoire, na hasemi nami. Akili anauliza kila siku lini tunarudi nyumbani. Sijui nimujibu nyumba gani.

Usimulaumu Thomas wako kwa kusoma zile barua vizuri.

Pélagie


Rissne, 2 Januari 2011

Vedasto,

Nimepata barua ya Pélagie. Nilikuomba neno moja.

Adelina


London, 20 Februari 2011

Mdogo wangu,

Sijakuandikia kwa sababu kila nikianza naandika tena habari za bunge. Hii nimeianza mara nyingi.

Mwenye nyumba alitupa notisi katikati ya mwaka 2009. Kwa sheria ya hapa hahitaji sababu. Nilimwendea, nikamwambia tumekaa vizuri, hatujachelewa kodi hata mara moja. Akasema, "Najua, Vedasto. Nyie ni wapangaji wazuri sana." Akanipa mkono. Halmashauri wakatuambia tusitoke mpaka mahakama itutoe, la sivyo watasema tumejitakia kukosa nyumba na hawatatusaidia. Tukangoja. Alipokuja mtu wa mahakama, mwanangu mdogo alikuwa anakula uji. Brigitha alimwambia yule mtu, "Mwache amalize." Akasimama mlangoni na kofia mkononi, akamwacha amalize. Halafu halmashauri wakatupa chumba cha hoteli mbali, na Brigitha akasema watoto wake hawaishi hotelini. Alikwenda Leicester. Alisema nitafute nyumba, nikipata nimwite.

Nilidhani ni suala la wiki. Ukaja uchaguzi, nikaona, huyu akipita mambo yatabadilika, na mimi nimemtembelea milango. Tuliposhindwa, nikauwekea tumaini ule mwingine niliosema utakuja ndani ya mwaka. Sikukaa nikasema nitamdanganya Adelina. Ila nilipoandika kwenu, ndipo nilipokuwa bado na nyumba. Niliwaona mko jikoni mnasikiliza, nami niko juu nawapangia vitanda. Uliponiambia niandike "Asije," nilikaa na karatasi. Ningeliandika neno lile, na mimi ningetoka humo.

Victoria nilikwenda. Niliwaona wakishuka. Baudouin alikuwa amevaa suti. Nikarudi kwenye treni.

Unajua ninalinda nini? Jengo jipya la fleti karibu na mto. Zote zimeuzwa, nyingi kwa watu wasiokuja. Napita kila ghorofa, taa zinawaka zenyewe nikitembea. Kuna majiko hayajawahi kuchemsha maji.

Mwezi ujao vyama vya wafanyakazi vinaandamana dhidi ya serikali, nitakwenda. Nilimwambia Baudouin twende wote. Akachukua kofia yake, akatoka.

Brigitha ameacha kupokea simu.

Kaka yako, kama bado,
Vedasto


Rissne, 14 Agosti 2011

Kaka,

Shikamoo. Nimeshindwa kuanza bila hiyo, basi iache.

Akina Baudouin walirudi Aprili, labda kinyozi alikuambia. Tuliwapokea hapa. Watu saba ndani ya vyumba viwili, tukaishi kwa upole, tukipeana zamu ya bafu kama wagonjwa. Baudouin alikwenda foleni ya nyumba kujiandikisha upya. Ile miaka yake yote iliishia siku alipopewa Akalla, kwa hiyo ameanza chini kabisa, nyuma ya vijana waliomaliza shule juzi. Alimuuliza karani, "Na kama naomba ileile?" Karani akamwambia sasa wanaishi watu humo.

Majirani walilalamika juu ya kelele na juu ya chumba cha kufulia. Si kwa ubaya. Waliandika karatasi ya heshima wakaibandika kwenye lifti. Lakini habari ilimfikia mwenye nyumba Norway, naye aliandika kwamba hakutupangishia hoteli. Tunatoka mwisho wa mwezi huu. Thomas alimpigia simu, alimsihi, mwanamume mzima, kwa Kiswidi chake kizuri. Alipokata simu aliniambia, "Amekuwa na adabu."

Pélagie na watoto wamewekwa na halmashauri kwenye nyumba ya muda, mji mwingine, saa nyingi kwa treni. Walimkubali yeye na watoto. Baudouin hakuomba kufuatana nao, na Pélagie hakumwambia aombe. Siku ya kuondoka alinikumbusha lile neno alilomwambia mumewe juu ya nyumba: "Nilisema." Hilo tu. Shalom alinikumbatia, akaniaga kwa Kiswidi, nami nilimjibu kwa Kiswidi.

Baudouin amerudi kwenye kazi ileile. Analala Rågsved, kwenye kochi la mtu. Nilikutana naye kanisani Jumapili iliyopita, tulikaa kwenye ngazi. Nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza kama ana neno. Akasema, "Kaka yako anaandika vizuri. Kwetu ningewapa wanafunzi zile barua waone sentensi inavyojengwa." Hakuwa anakudhihaki. Ningefurahi kama angekudhihaki. Nikamuuliza kama amekusamehe. Akasema, "Alikuwa anatafuta mtu wa kukaa naye katika ile nyumba. Nami nilikuwa natafuta nyumba." Akainuka akaenda kushika zamu yake.

Ulisema mgombea wenu anataka kurudi tena. Sina ugomvi naye. Siku hizi wanaume wakianza siasa baada ya misa, Thomas anachukua koti lake.

Thomas amepata kitanda kwa mwenzake wa kazini. Hapo hawachukui wanawake. Mimi nitakuwa kwa mama mmoja wa parokia kwa majuma machache, kisha sijui. Vitu vyetu tumegawa. Sufuria kubwa nimempa jirani aliyeandika ile karatasi ya kwenye lifti, maana alikuja kuuliza kama tunahitaji msaada wa kubeba.

Usijibu barua hii. Jibu lako likifika tutakuwa tumetoka Rissne, na sina anwani ya kukupa.

Adelina